Risasi ya Mia: Mhadhara Kuhusu Silaha za Umeme Katika Manowari



Tarehe 10 Desemba 2010, katika kituo cha utafiti wa silaha cha jeshi la majini la Marekani kilichoko Dahlgren, jimbo la Virginia, mzinga ulifyatua risasi kwa nishati ya megajuli 33. Mzinga wa umeme ulikuwa haujawahi kufika hapo. Video ya siku ile ingali inazunguka, na wengi wenu mmeiona kwenye simu zenu: risasi inachomoka, na nyuma yake linafuata wingu kubwa la moto wa rangi ya chungwa. Lakini mzinga ule haukuwa na baruti hata punje moja. Ulisukumwa na umeme mtupu. Basi moto ule ulitoka wapi? Kilichokuwa kikiungua ni nini?

Ulikuwa ukiungua mzinga wenyewe. Nyuma ya risasi kulikuwa na kipande cha alumini kilichopitisha mkondo wa umeme. Kipande hicho kilipata joto, kikayeyuka upande wa nje, kikawa mvuke, na kilipokutana na hewa kwenye mdomo wa mtutu kikawaka. Pamoja nacho zilitoka chembe za mtutu. Kila risasi iliyopita ilimega kidogo njia ambayo risasi ya pili ingepaswa kuipita.

Nimeanzia kwenye moto huo kwa sababu ndani yake ndimo lilimo neno langu la leo. Silaha ya umeme isihukumiwe kwa risasi ya kwanza. Ihukumiwe kwa ya mia, na kama inatafuta nafasi kwenye manowari, kwa ya elfu. Risasi ya kwanza hupigwa mbele ya kamera, wakubwa wakapeana mikono. Risasi ya mia hupigwa mbele ya fundi mwenye tochi anayechungulia ndani ya mtutu kuona kimebaki nini. Yeye ndiye anayejua habari yenyewe, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Tuutazame mzinga huu kwa karibu. Watafiti huuita mzinga wa reli, na jina linaeleza umbo lake. Chukua reli mbili nene za shaba, zilaze sambamba ndani ya mtutu wa urefu wa mita kama 10. Katikati weka kipande cha alumini kinachozigusa zote mbili. Ingiza umeme kwenye reli moja, uvuke kwenye alumini, urudi kwa reli ya pili. Mkondo ule huzaa uga wa sumaku kati ya reli, na uga huo huisukuma alumini mbele pamoja na risasi iliyo mbele yake. Mwanafunzi wa kidato cha nne ameshaiona kanuni hii kwenye mota ya umeme. Kilichobadilika hapa ni ukubwa. Mizinga ya Dahlgren ilitumia ampea milioni kadhaa, na kwa ampea milioni 4 msukumo hufikia uzito wa tani kati ya 300 na 400. Uga uleule unaosukuma risasi mbele husukuma reli pia, kila moja upande wake, kana kwamba unataka kuupasua mtutu. Bila makoti mazito ya kuzibana, reli zingeachana kabla risasi haijafika mwisho.

Ukiwaeleza watu kuhusu megajuli 33, wanawaza nishati ya kutisha. Hebu tuigeuze iwe hesabu ya nyumbani. Megajuli 33 ni takriban yuniti 9 za umeme, zilezile yuniti mnazonunua kwa LUKU au kwa tokeni. Nyumba yenye jokofu, televisheni na taa chache inazimaliza ndani ya siku chache na hakuna anayeshtuka. Ugumu uko kwenye muda. Mzinga unataka yuniti hizo 9 zote ziingie kwenye risasi ndani ya muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Piga hesabu: kwa kitambo hicho kifupi, mzinga mmoja unafanya kazi kwa zaidi ya megawati 3,300. Mitambo yote tisa ya Bwawa la Nyerere pale Rufiji, ikizunguka kwa pamoja, inatoa megawati 2,115.

Hakuna jenereta ya meli inayoweza kutoa hivyo moja kwa moja. Kwa hiyo umeme hukusanywa taratibu kwenye kapasita, makabati kwa makabati, kisha huachiliwa kwa mkupuo. Na hapo ndipo metali inapoanza kuteseka. Mkondo unaoingia ghafla namna ile hauenei kwenye unene wote wa reli. Haupati muda wa kuzama ndani. Hukimbilia ngozi ya juu ya shaba na kujaa kwenye kona, na pale joto hupanda kuliko kwingine. Wakati huohuo alumini inasugua ngozi ileile kwa mwendo wa mita 2,000 na zaidi kwa sekunde. Inaacha utando wa alumini iliyoyeyuka hapa, inachimba shimo dogo pale. Risasi inayofuata inakuta njia yenye makovu, mguso hauko sawa, cheche zinaruka, na cheche zikishaanza uharibifu unazaliana.

Mitutu ya mwanzo ilichoka baada ya risasi chache tu. Lengo la watafiti lilikuwa mtutu udumu risasi 1,000, tena ukipiga risasi 10 kwa dakika. Mzinga wa kawaida wa baruti kwenye manowari hupiga maelfu ya risasi kabla mtutu haujabadilishwa. Mkitaka kujua kwa nini kazi hii ilichukua miaka mingi namna ile, sababu kubwa ni hizo reli za shaba.

Fikra yenyewe ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanafizikia wa Norway, Kristian Birkeland, alitengeneza mzinga wa umeme kwa kutumia koili. Akaalika watu kuutazama, akitumaini kupata wanunuzi. Koili mojawapo ikapiga shoti mbele ya hadhira, ukatokea mwali wa umeme wenye kelele na moshi, na biashara ikafa palepale. Siku chache baadaye alikutana na mhandisi Sam Eyde, ambaye alikuwa akitafuta mwali mkubwa wa umeme wa kuunguza hewa ili kupata naitrojeni ya mbolea. Birkeland alikuwa nao tayari. Kutokana na ushirikiano wao ilianzishwa kampuni ya Norsk Hydro mwaka 1905, na kitengo chake cha mbolea kilijitenga mwaka 2004 kwa jina la Yara. Mkulima wa mahindi kule Njombe au Mbeya anayefungua mfuko wa Yara shambani, anamwaga bidhaa ya kampuni iliyozaliwa na mzinga ulioshindwa. Habari hii naipenda kwa dhati, na huwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka.

Baada ya Birkeland walikuja wengine. Mfaransa Fauchon-Villeplée alichora mzinga wa reli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakalirudia wazo mwaka 1944 wakitaka kudungua ndege. Miaka ya 1970, watafiti wa chuo kikuu cha taifa cha Australia mjini Canberra walitumia jenereta kubwa ya mwanafizikia Mark Oliphant, yenye uwezo wa kuhifadhi megajuli 500, wakarusha kitu cha gramu 3 kwa kasi ya kilomita 5.9 kwa sekunde. Gramu 3 ni uzito wa sarafu ndogo, lakini kuanzia hapo hakuna aliyesema tena kwamba jambo hili haliwezekani.

Marekani iliuanza mradi wake wa majini mwaka 2005. Wazo lilivutia. Risasi ya kilo 10, isiyo na baruti wala kilipuzi, ikitoka kwa mita 2,500 kwa sekunde, inaharibu kwa kasi yake peke yake. Manowari haina haja ya kubeba ghala la baruti tumboni, na mabaharia wanaofahamu historia ya meli zilizolipuka kwa sababu ya maghala hayo wanajua thamani ya jambo hilo. Risasi moja ilikadiriwa kugharimu dola 25,000 hivi, wakati kombora hugharimu mamia ya maelfu au mamilioni.

Lakini meli gani ingeubeba? Manowari za aina ya Arleigh Burke, ambazo ndizo nyingi zaidi kwa Wamarekani, zina mitambo minne yenye jumla ya nguvu farasi kama 100,000. Nguvu hiyo karibu yote inakwenda kwenye panga za kusukuma meli kwa njia ya giaboksi, haigeuki umeme. Umeme wa rada, kompyuta na jikoni unatoka kwenye jenereta tatu za megawati chache kila moja. Sasa mzinga wa megajuli 32 unaopoteza theluthi mbili ya umeme wake kama joto, ukipiga risasi 10 kwa dakika, unadai karibu megawati 16 mfululizo. Jenereta zote tatu zingeelemewa, na rada ingebaki gizani.

Macho yakaelekea USS Zumwalt, iliyoanza utumishi Oktoba 2016. Meli hii inazalisha umeme kwanza, kama megawati 78, ndipo inaugawa: huu kwa panga, huu kwa rada, huu kwa silaha. Ilionekana kama nyumba iliyojengwa kumsubiri mgeni, na mgeni hakufika. Tena hata mizinga yake ya baruti iliishia pabaya. Zumwalt zilipangwa kuwa 32, zikajengwa 3, na risasi maalumu za mizinga hiyo, kwa kuwa sasa zingenunuliwa chache, zikapanda bei hadi karibu dola 800,000 kila moja. Jeshi likaacha kuzinunua. Meli ya mabilioni ikabaki na mizinga miwili isiyo na cha kupiga, na baadaye ikapelekwa kwenye karakana kule Pascagoula, Mississippi, kuwekewa mirija ya makombora yaendayo kasi.

Mwaka 2021 mradi wa mzinga wa reli ulisimamishwa baada ya miaka zaidi ya 15 na dola kama milioni 500. Reli zilikuwa zimeboreka sana bila kufika zilipotakiwa. Na wakati watafiti wanahangaika na shaba, bahari nayo ilibadilika. Mzinga wa megajuli 32 ulitarajiwa kufikia kilomita zipatazo 185, ilhali China ilikuwa na kombora la DF-21D la kupiga meli kutoka umbali wa kilomita 1,500 hivi. Manowari ingepaswa kuingia ndani kabisa ya eneo la hatari kabla mzinga wake haujawa na faida.

Kuna waliosema fedha zile zilitupwa. Sikubaliani nao. Risasi iliyobuniwa kwa ajili ya mzinga huo, yenye vifaa vya kielektroniki vilivyotengenezwa kustahimili msukumo wa mara makumi ya maelfu ya mvuto wa dunia, iliendelea kuishi. Septemba 2020, katika uwanja wa White Sands, New Mexico, risasi hiyo ilipigwa kwa mzinga wa kawaida wa baruti wa jeshi la nchi kavu, ikadungua shabaha iliyokuwa ikiruka kama kombora. Kilichonisikitisha ni kitu kingine. Julai 2014 mzinga uliwekwa kwenye meli mjini San Diego ili watu wautazame, na ikatangazwa kwamba ungepigwa baharini mwaka 2016. Haukupigwa. Ahadi ilitolewa kwa nguvu ya ile video, reli zikiwa bado hazijaiva, na waliobeba lawama mwishoni ni wahandisi ambao hawakuahidi.

Nihamie kwenye kifaa ambacho chenyewe si silaha, lakini kinatumia sayansi hiyohiyo, na kimefaulu: manati ya sumakuumeme ya kurushia ndege kutoka sitaha ya manowari. Kwa miaka mingi manati hizi ziliendeshwa kwa mvuke. Manowari ya USS Gerald R. Ford, iliyoanza utumishi rasmi Julai 2017, ndiyo ya kwanza kutumia umeme. Magurudumu mazito huzungushwa yakatunza nishati, kisha huitoa kwa sekunde mbili tatu na ndege inapaa.

Hapa napo fuateni hesabu ya risasi ya mia. Sharti lilikuwa manati irushe ndege wastani wa mara 4,166 kabla ya kuharibika. Ripoti ya wakaguzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani ya mwaka wa fedha 2020 ilionyesha wastani wa mara 181. Kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu aliyefanya kazi ya ufundi atalielewa haraka. Manati zote nne zilichangia mfumo mmoja wa umeme kiasi kwamba haikuwa rahisi kuitenga moja ikakarabatiwa huku nyingine zikiendelea kurusha. Kuyasubiri tu yale magurudumu yasimame kulichukua saa moja na nusu. Fikirieni fundi amesimama na spana mkononi saa moja na nusu, na marubani wanangoja. Hata hivyo meli hiyo ilikwenda Mediterania mwaka 2023 na kurudi Januari 2024 ikiwa imekamilisha safari za ndege zaidi ya 10,000. Tatizo lilishughulikiwa kwa uvumilivu, kifaa kwa kifaa, bila kamera.

China nayo, chini ya uongozi wa mhandisi Ma Weiming wa chuo cha uhandisi wa majini cha Wuhan, iliruka hatua ya mvuke kabisa. Manowari yake ya Fujian ilishushwa majini Juni 2022 ikiwa na manati za umeme, na ikaingia katika utumishi Novemba 2025. Mwanzoni mwa 2018, tena hukohuko Wuhan, ilipigwa picha meli ya kushushia askari, Haiyangshan, ikiwa na mzinga mkubwa usio wa kawaida mbele, na wataalamu wengi waliutambua kuwa mzinga wa reli.

Sasa tuje karibu na kwetu. Tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli za biashara Bahari ya Shamu, meli nyingi ziliiacha Bab el-Mandeb zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzigo wa Ulaya unaokuja Mombasa na Dar es Salaam ukachelewa na kupanda gharama. Mwenye duka aliyekuwa akisubiri kontena analijua hilo bila kusomewa takwimu. Katika miezi 15 ya mapambano, jeshi la majini la Marekani lilieleza kuwa lilitumia makombora 120 ya SM-2 na 80 ya SM-6, pamoja na risasi 160 za mizinga. SM-2 moja ni kama dola milioni 2. Mara nyingi ilikuwa ikifukuza droni ya maelfu machache ya dola.

Hesabu hiyo ndiyo inayoisukuma leza kwenye sitaha. Leza ni mwanga, na mwanga ni wimbi la sumakuumeme. Hauhitaji risasi wala mtutu wa kuchakaa. Mwaka 2014 meli ya USS Ponce ilibeba leza ya kilowati 30 kwenye Ghuba ya Uajemi. Mei 2020, USS Portland ilidungua droni kwa leza ya kilowati 150 kwenye Pasifiki. Na tarehe 14 Desemba 2021 leza hiyohiyo ilijaribiwa dhidi ya shabaha iliyoelea katika Ghuba ya Aden, njia ambayo majahazi yetu yamepita tangu enzi. Waingereza, kwa leza yao ya DragonFire, wanasema gharama ya kupiga mara moja haizidi pauni 10.

Lakini leza nayo ina risasi yake ya mia. Haiui kwa pigo moja. Inabidi iishikilie shabaha ileile, mahali palepale, kwa sekunde kadhaa hadi payeyuke. Njiani kuna mvuke wa maji na chembe za chumvi, na hewa yenyewe ikipashwa joto na mwali huo hupanuka na kuutawanya. Mliowahi kuvua au kusafiri wakati wa Kusi mnaujua ule ukungu wa chumvi unaosimama juu ya maji. Leza iliyofanya vizuri kwenye hewa kavu ya jangwani haijajibu swali la bahari hii. Na likija kundi la droni 20 kwa mpigo, sekunde kadhaa kwa kila moja ni muda mrefu sana.

Waliobaki kwenye mzinga wa reli kwa bidii ni Wajapani. Wakala wa zana za ulinzi wa Japani ulianza utafiti mwaka 2016, ukachagua mtutu mdogo wa milimita 40 na risasi ya gramu 320. Oktoba 2023 waliupiga mzinga huo kutoka melini, baharini, jambo ambalo hakuna nchi iliyokuwa imelitangaza kabla yao. Mwaka 2025 waliufunga kwenye meli ya majaribio ya Asuka, wakaipiga meli halisi iliyowekwa kuwa shabaha. Video zao zilisambaa kama ile ya 2010. Mimi nilitafuta namba moja kwenye taarifa zao, nikaikuta: baada ya risasi 120 kutoka mtutu mmoja, kasi ilikuwa bado zaidi ya mita 2,000 kwa sekunde. Wamekwisha kuivuka mia. Nishati yao ni ndogo mno ukilinganisha na ya Dahlgren, umeme wao bado unakaa kwenye makontena yaliyopangwa juu ya sitaha, na lengo lao la megajuli 20 liko mbele. Kazi inayofuata ni kupiga mfululizo bila kupumzika, na kuyapunguza yale makontena hadi yaingie ndani ya meli ya kivita pamoja na rada, mabaharia na jiko lao.